Kufuli Tatu za Syombua

Usiku ule wa Jumapili tulikaa kwenye veranda ya zahanati yetu, tukimngoja Kitonga arudi na ufunguo kutoka Migwani. Jirani yangu Syombua alikuwa amempakata binti yake, Mwongeli. Mtoto wa Mwongeli alikuwa amezaliwa salama, pale pale sakafuni, juu ya leso. Lakini damu ya Mwongeli ilikataa kukoma, na dawa ya kuizuia ilikuwa ndani.

"Mama, nasikia baridi," Mwongeli alisema.

Mimi pia nina binti wa umri wake. Niliangalia miguu yake tu. Uso niliogopa.

Zahanati ile tuliijenga wenyewe. Watu wa mfuko wa jamii walituambia wataleta simiti na mabati, sisi tulete mawe, mchanga na mikono, halafu iwe yetu, tuitunze mpaka wajukuu. Syombua ndiye aliyeongoza mwethya, kikundi chetu cha kufanya kazi pamoja. Alipandisha mchanga kutoka mtoni akiimba, na aliyechoka alitaniwa mpaka akainuka.

Kisha wezi wakabeba sola. Syombua akasimama mkutanoni, akataka mlango wa chuma na kufuli tatu. Funguo zikae kwa watu watatu: nesi, mwenyekiti wetu Kitonga, na yeye mwenyewe. Asiingie mtu bila wote watatu.

"Mama Mwongeli, hizo kufuli ni za zahanati ama za jela?" jirani yetu Kalekye alimuuliza.

"Ni zako, Kalekye. Huo mkono wako naujua."

Tulicheka sana siku hiyo. Na kweli, tangu hapo haikupotea hata sindano. Wageni waliletwa kutoka mji wa Wote kuona tulivyotunza.

Jumamosi Kitonga alienda Migwani kumzika shemeji yake. Mtu mwingine angemwachia mke wake ufunguo. Kitonga aliuvaa shingoni akaenda nao, kwa sababu tuliapa ufunguo usishikwe na mtu mwingine.

Usiku ule nesi Ndinda alifungua kufuli yake, Syombua akafungua yake. Ya tatu vijana waliigonga mpaka mpini wa nyundo ukavunjika. Tulikuwa tumechagua ngumu, tukiwafikiria wezi. Gari la wagonjwa tuliloliita kwa simu kutoka Kikima lilikuwa bado huko milimani. Syombua akaanza kuupiga mlango kwa kiganja, polepole, kama mtu anayebisha kwa jirani.

Kitonga alifika kukipambazuka, ufunguo mkononi kabla pikipiki haijasimama. Aliona leso imefunika uso wa Mwongeli.

"Syombua, nimekuja mbio, dada yangu. Nimekuja mbio."

"Najua, Kitonga."

Kitonga alijaribu mara mbili, ufunguo ukakataa kuingia. Syombua, mjukuu begani, akauchukua.

"Lete," alisema. "Mtoto ana baridi."

Mlango ulifunguka bila hata kulia. Bawaba zake huwa tunazipaka mafuta kila mwezi.