Mcuba, neno "cool" na mama yangu nyuma ya pazia

Wakuu, habari za humu. Kisa hiki mke wangu anakijua chote, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Ni mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nimemaliza sekondari, nipo nyumbani Mji Mkongwe. Mimi hata sokoni Darajani nilikuwa nakwenda kwa kusukumwa!

Mama yangu, Bi Zuhura, akanipa mpaka Iddi: nipate kazi, au niende Chwaka kwa mjomba nikavue samaki. Mimi huyu, jua dogo tu kichwa kinagonga.

Tukasikia Mcuba mmoja, mtaalamu wa mikarafuu kule mashamba ya Kizimbani, anatafuta mkalimani. Kihispania sikijui. Ila yeye Kiingereza chake cha kuokoteza, changu cha darasani. Nikaona tutafika.

Akaja, tukakaa barazani. Mama ndani, nyuma ya pazia la mlango.

Mtihani wenyewe neno moja: "cool". Ana gazeti la Kiingereza, humo koti ni "cool", kijana ni "cool", halafu mtu anasema "cool it". Kamusi yake inasema baridi, basi.

Nikajibu kibingwa. Koti ni la baridi. Kijana homa imeshuka. La tatu, tia barafu.

Majirani waliokuja barazani kumtazama mgeni wakaitikia, "Naam!" Hata "good morning" hawaijui.

Mcuba akafunga daftari. Wakuu, nikaiona Chwaka ile pale.

Pazia likatikisika. "We Saidi! Hayo maneno nani anamwambia nani?"

"Mama, hiki Kiingereza."

"Nshasikia. Nani anamwambia nani?"

Nikamtafsiria mgeni. Akafungua daftari tena, akaeleza. Koti, rafiki anamsifu rafikiye.

"Basi limempendeza," mama akasema.

Kijana, wasichana wanamsema.

"Hababaiki huyo, si kama wewe."

La tatu, watu wawili wanataka kupigana, mwenzao kaingilia.

"Anawaambia watulie. Na hilo la kwendea skuli?"

Mcuba alicheka sana. Akasema kwao pia wana neno kama hilo, analisema kutwa, na hajawahi kujiuliza lina maana ngapi.

Kisha akasema kumbe anachohitaji hasa ni mwalimu wa Kiswahili, naye ni huyo wa nyuma ya pazia. Lakini mama hajui Kiingereza!

Ndipo nikapata kazi: kila alasiri, barazani kwetu, mkalimani wa mama yangu. Hata viatu sikuhitaji. Mjomba alinisubiri mpaka akauza ngalawa.

Nilichojifunza: usikimbilie kamusi, waulizie kwanza wenye mazungumzo. Siku hizi wajukuu wakisema "poa" nawauliza swali la mama yangu, wananikimbia.

Nanyi wakuu, neno gani limewahi kuwaumbua? Shusheni hapa. Wa kunicheka anicheke, nipo nyumbani, sijatoka.