Hedifoni Nilizoziita Mbovu

Pesa yangu ilitosha jozi moja tu ya hedifoni, nami niliogopa kukosea. Nilikuwa nimejifunza mtandaoni kwamba hujaribiwa kwa sauti unayoijua vizuri. Ninayoijua ni yangu: nilijirekodi nikifanya mazoezi ya kumposa Riziki, kwa kuwa sikuwaamini wazee wangu kusema vizuri.

Dukani Ukunda nikazivaa, nikabonyeza simu icheze rekodi ile. Kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya.

“Hizi mbovu,” nikamwambia muuzaji, nikazivua.

Kumbe simu ilikuwa imejiunga kwa Bluetooth na spika ya duka iliyokuwa mlangoni. Barabara nzima ilikuwa ikinisikia: “Shikamoo Mama Riziki, namtaka binti yako kwa ndoa ya halali.”

Mlangoni alisimama Mama Riziki, chaja mkononi.

“Marahaba,” akajibu. “Lakini kwetu posa huletwa na wazee, mwanangu, si na spika.”