Kiti Kikibaki

Kabla ya korona, mama ndiye aliyekuwa anaahirisha. Mimi nilikuwa kaunta ya shirika dogo la ndege hapa Tabora, na mfanyakazi aliruhusiwa kumsafirisha mzazi wake bure kwa sharti moja: kiti kikibaki. Na vilikuwa vinabaki, karibu kila safari. Nikimwambia aende akamwone dada yake Dar es Salaam, ananijibu amalize kwanza kuvuna mpunga. Mpunga ukiisha, karanga. Karanga zikiisha, kuku wanaatamia.

Mama mkubwa, huyo dada yake, ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyembakia. Alikuwa anasafishwa damu hospitalini kila wiki, kwa hiyo hakuweza kuja kwetu. Mama naye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na daktari alimkataza kukaa ndani ya basi kutwa nzima. Ilibaki ndege tu. Kila asubuhi walipigiana simu, wakaamkiana mwangaluka, mwangaluka, kisha Kinyamwezi kitupu na vicheko. Nikisikia jina langu katikati, najua nasengenywa.

Halafu ugonjwa ukaja na ndege zetu zikasimama. Wenzangu wa kaunta walipunguzwa, mimi nikabakizwa niangalie ofisi. Nilitoka nyumbani Kwihara kwa bodaboda kila asubuhi kwenda kufungua mahali ambapo hakuna anayekuja. Nilifuta vumbi kwenye mzani wa mizigo. Nilijaza maji kwenye ndoo ya kunawia mlangoni, na jioni nikayamwaga yaleyale, safi kabisa. Mlinzi wa geti alikuwa mwoga wa maradhi, salamu zake zilikuwa za kupunga mkono kwa mbali. Nikaanza kujipima mwenyewe kwenye ule mzani, angalau upate kazi.

Nani angeniambia kwamba nitawakumbuka abiria wanaogombana nami kwa ajili ya kilo za ziada? Niliwakumbuka mpaka nikajionea aibu. Siku moja nilichukua kipaza sauti nikatangaza safari, abiria wote waelekee mlangoni, tafadhali. Hakuinuka mtu. Niliketi nyuma ya kaunta nikalia kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo wa kunisikia.

Ndege ziliporudi, zilirudi zikiwa nusu tupu. Nikasema, sasa ndiyo zamu ya mama. Makao makuu wakaleta agizo kwamba tiketi za wafanyakazi zimesitishwa hadi shirika lisimame vizuri. Viti vitupu vikaruka mbele ya macho yangu na mama yuko nyumbani anapepeta mchele. Nilikasirika hata nikaacha kuwasalimia marubani, ingawa wao hawakuwa na kosa.

Baadaye tiketi zetu zilirudishwa, lakini mambo yalikuwa yamegeuka. Shirika lilikuwa limerudisha ndege moja kwa wenyewe waliotukodishia, safari zikawa chache, na kila aliyekuwa ameahirisha harusi, matibabu au biashara alitaka kusafiri sasa hivi. Redioni walisema usafiri wa anga umefufuka. Ni kweli, ulifufuka ukiwa umejaa. Mtu ataniuliza, si ungenunua tiketi? Mshahara ulikuwa bado haujarudishwa wote na nauli zilikuwa zimepanda, basi nikawa kila mwezi nasema mwezi ujao.

Mama akaanza kuja uwanjani kubahatisha. Alivaa kitenge chake kizuri na viatu vya kanisani, akabeba furushi la mchele na karanga za kumpelekea dada yake, akaketi kwenye benchi linalotazamana na kaunta yangu. Mimi ndiye niliyefunga safari, yaani kufunga orodha ya abiria kabla ndege haijaondoka. Ikifika saa ya kufunga, nilitazama orodha, kisha nikamtazama yeye na kutikisa kichwa. Hakubisha hata mara moja.

"Imejaa?"

"Imejaa, mama."

Mara ya kwanza alitania. "Wazee wetu walikwenda pwani kwa miguu, pembe za ndovu begani. Mimi nashindwa na kiti?" Abiria wakacheka na mimi nikacheka. Mara zilizofuata aliuliza tu kama imejaa, akabeba furushi lake, akanisubiri nje kivulini hadi nimalize kazi. Ni kitu kibaya kumkatalia mama yako huku umevaa sare, na mimi nilikifanya tena na tena.

Kisha asubuhi moja simu haikulia. Mama akapiga mwenyewe, akapokea mtoto wa mama mkubwa, na kabla hajasema lolote zaidi ya shikamoo, mama akakaa chini. Ukoo ulichanga siku ileile. Nikanunua tiketi moja ya kesho yake. Mimi nisingeweza kwenda, kaunta haikuwa na mtu mwingine.

Alipofika nilimpimia furushi lake, nikampa pasi ya kupandia ndege yenye namba ya kiti. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda kuketi kwenye lile benchi, akawa ananitazama. Abiria wakaisha kupita, yeye bado ameketi. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikamwinamia.

"Mama, twende. Leo una kiti."

"Nani kakiacha?"

"Hakuna aliyekiacha. Nimekununulia."

Akaitazama ile pasi kwa muda. "Dada asingekufa, ungekinunua leo?"

Nikamsogezea bega.

"Basi kaniachia yeye," akasema. Akanishika bega ili ainuke, kwa ajili ya mgongo wake, akatembea polepole kuelekea mlangoni. Nikarudi kaunta nikafunga safari.