Kioo Chembamba na Uso wa Marehemu

Nakikumbuka kile kioo cha zamani cha chogo, chenye mgongo mnene, kuliko ninavyoikumbuka kompyuta yenyewe. Kilikaa mezani kwangu pale Kibiti, nilipokuwa nikisafisha na kuchapa picha za watu. Kilikuwa kizito, kikinguruma, kikitoa joto la kumvua mtu shati. Vioo vya sasa ni vizuri zaidi, najua, sibishani. Ila chogo lilikuwa na uungwana wake: uso niliouona mimi ndio aliouona mteja mlangoni na jirani aliyechungulia dirishani.

Lilipokufa nikanunua chembamba cha bei nafuu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilitamba nacho wiki nzima: hakili umeme, herufi zimenyooka, meza imepata nafasi ya kikombe cha chai. Majirani walipokuja kukishangaa, niliwajibu kama vile nimekitengeneza mimi.

Wiki hiyohiyo akaja bibi mmoja kutoka Salale. Alikuwa amefunga kwenye upindo wa kanga picha pekee ya marehemu mumewe, imeliwa na unyevu, uso umefifia. Alitaka isafishwe na kukuzwa, naye awahi boti Nyamisati kabla maji hayajatoka.

"Nimeanza kumsahau uso, mjukuu wangu," alisema. "Sauti naijua. Uso ndio unanitoroka."

Kwetu huwezi kukaa mtu mzima amesimama. Nilikuwa na kiti kimoja tu, nikampa, nikaiskani picha na kufanya kazi nimesimama nyuma ya bega lake. Kila nikitazama naona imepauka. Nikaongeza giza. Bado. Nikaongeza tena. Bibi naye alikitazama kioo, asinikosoe. Baadaye aliniambia hakuja mjini kumfundisha fundi kazi yake.

Nilipochapa, karatasi ikatoka na kanzu, na kofia, na mahali pa uso giza tupu. Nikailaumu printa. Nikaulaumu wino, na aliyeniuzia wino. Bibi aliipapasa karatasi kwa kidole, machozi yakimlengalenga.

"Basi," akasema. "Labda ndivyo alivyotaka mwenyewe."

Niliona haya, nikapiga magoti kando yake nimwombe radhi. Macho yangu yakawa usawa mmoja na yake, nami nikakitupia jicho kioo: picha nyeusi tii! Nikainuka: imepauka. Nikapiga magoti: nyeusi. Kumbe muda wote kila mtu alikuwa akionyeshwa picha tofauti, mimi niliyesimama na yeye aliyekaa. Nilikitukana kioo kile maneno yasiyofaa mbele ya mtu mzima, na nakiri, nililililia chogo langu.

Nikaanza upya nikiwa nimepiga magoti vilevile.

"Bibi, leo fundi ni wewe," nikamwambia. "Ukiona siye, sema."

Akasema kwelikweli. Ngozi yake ya maji ya kunde, siyo hiyo. Punguza. Rudisha kidogo. Giza likatoka taratibu, likaja paji la uso, yakaja macho, kikaja kidevu chenye kovu la mshipi wa kuvulia. Simu yake ikaita, mwenye boti huyo. Hakuipokea. Nikauliza kama nichape.

"Ngoja kwanza."

Akajitanda kanga upya, akaitengeneza vizuri kichwani, akasogeza kiti karibu na kioo.

"Umekawia, wewe," akamwambia.