Mnazi Kwenye Shamba la Watu

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kilizikwa, juu yake ukapandwa mnazi. Shamba lilikuwa la baba, hakuna aliyetuuliza. Kwa hiyo nilipojifungua binti yangu kule Kurui, nami nikapanda. Sikujua kwamba mpangaji hapandi mnazi.

Shamba tulilikodi kwa mzee mmoja mwenyeji. Kila mavuno nilimpelekea kikapu cha mpunga, basi, mengine yangu. Mume wangu alikwenda kukata mkonge, akapotelea hukohuko. Binti yangu hakufikisha mwaka, homa ikamchukua. Nikabaki na ule mche. Niliumwagilia maji na kuusemesha, maana hapakuwa na mwingine wa kusema naye. Upweke ule, jamani, usikieni hivi hivi tu.

Siku moja mzee akaja kuangalia mipaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mnazi huu kaupanda nani?"

"Mimi."

Akauzunguka. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Akanieleza taratibu: mpangaji hupanda vya kuvuna na kung'oa, muhogo, mtama, kunde. Mti wa kudumu ni wa mwenye ardhi, kwa sababu mwenye mnazi kesho atasema na ardhi ni yake.

"Ung'oe, uendelee kulima. Au uuache, ukishavuna uhame. Utakuwa wangu."

"Baba, chini yake kuna kitovu cha mwanangu."

"Nilikisia. Ndiyo maana sikuung'oa mwenyewe."

Loo, nilivyokasirika! Ardhi niliyoilima mpaka mgongo ukapinda, leo naambiwa nichague! Alipoondoka nikashika jembe, nikausimamia ule mti. Mkono ukagoma. Nilivuna muhogo wangu, nikafunga mizigo, nikahamia Magindu kwa watu nisiowajua.

Miaka mingi baadaye nilipita Kurui nikienda msibani, nikapiga hodi pale. Mzee alikwisha fariki. Mkamwana wake hakunifahamu, lakini alinikaribisha vizuri, akanitandikia mkeka, akaniletea dafu. Mnazi ulikuwa umepita paa la nyumba.

"Kunywa, mama. Huo mnazi aliupanda baba mkwe," akasema. "Madafu yake matamu kuliko yote hapa."

Nilitaka kumwambia. Ningesema nini, na nyumba ni yake, na mti ni wake?

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Nikamwambia kweli ni tamu, nikamwombea dua mzee kwa kuupanda.