Kisu cha Mboga na Vitabu Sita

Kwetu Kibumba, mama yangu alikuwa na kitabu kimoja tu cha sala, akakisoma hadi pembe za kurasa zikawa nyeusi. Kwa madereva Waislamu wa Majengo, mmoja alisoma kwa sauti na kumi wakamsahihisha. Mume wangu, karani, alisoma kama makarani wote wa Goma miaka ile ya hamsini: barazani, gazeti la Kifaransa limeinuliwa ili wapita njia walione. Vitabu vyake sita vilikaa kabatini vikiwasubiri wazungu watakaokuja kukagua nyumba kabla ya kumpa kadi ya mtu aliyestaarabika.

Kimoja kilikuwa cha Kiswahili, cha magonjwa ya watoto. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika kwa kuhara, na wa pili alikuwa tumboni. Nilikitaka kitabu kile kuliko chakula. Lakini vitabu vya siku zile vilitoka kiwandani kurasa zikiwa zimeshikana kingoni, msomaji azipasue mwenyewe. Nikachukua kisu cha mboga. Nilipoonja utamu wa kukifungua, nikavipasua vyote sita, hata vya Kifaransa nisivyovielewa.

Siku moja kabla ya ukaguzi, mume wangu akaona.

"Juu ya nini unaharibu bitabu byangu? Bazungu banakuja kesho!"

"Papa, njo vile banabisomaka," nikamjibu; ndivyo vinavyosomwa.

Alivua mkanda. Nilikumbatia tumbo kwa mikono miwili, kichwa kikabaki wazi, na chuma cha mkanda kikanipasua sikio la kulia. Alipiga hadi akachoka, mjinga yule.

Kesho yake nilimimina chai nimejifunga kitambaa hadi shavuni. Mzungu alichomoa kitabu, akapitisha kidole kwenye kingo zilizokatwa, akatabasamu. Nyumba nyingine, alisema, vitabu havijawahi kufunguliwa. Akampa mume wangu mkono.

Kadi ilipofika, mume wangu akafunga kabati kwa ufunguo. Nilimfuata barazani, nikamwekea kisu kilekile chini ya kidevu.

"Leta ufunguo."

"Mama, acha wazimu!"

Nilikandamiza. Damu ikadondokea gazeti, naye akauchomoa ufunguo mfukoni. Sijutii hata leo.

Ukurasa wa kuhara niliusoma mara tatu. Mtoto wa pili alipoharisha, nilijua la kufanya. Sasa ana mvi, na akitaka kuzungumza nami hukaa upande wangu wa kushoto.