Mshale Uliokataa Kulala

Safari hii ilinigharimu kofia moja iliyochukuliwa na upepo wa ziwa, na usingizi ambao sijaurudisha mpaka leo. Niliondoka Migori kwa sababu Mzee Salim, mwenye duka la mikate Homa Bay, alinitumia neno: fundi, njoo unipe ushahidi wa mwizi.

Homa Bay nilifika asubuhi, mikate ikiwa bado moto. Mzee alikuwa amenunua mita ya gesi kwenye mnada wa kiwanda kilichofungwa, akavuta waya kutoka tanurini hadi kwenye saa ya mshale ofisini, ili aone gesi inavyokwenda bila kuinuka kitini.

"Tanuri imezimwa tangu alfajiri. Tazama." Mshale ulisimama kwenye mbili kati ya kumi. "Kila siku hivyo. Okech mwokaji anauza gesi yangu. Nimeshamfukuza. Wewe niandikie tu."

Nikamwambia siandiki nisichokihesabu mara mbili. Nilifuata bomba kwenda, nikalifuata kurudi, kisha nikafunga mitungi yote. Mshale haukutikisika.

"Sasa mzee, Okech anaiba kutoka mtungi gani?"

Nikamweleza kwamba mita hii, gesi ikisimama, haikati umeme. Hutuma umeme kidogo, miliampia nne. Gesi ikienda kwa nguvu zote, ishirini. Ikishuka chini ya nne, ujue mita ni mgonjwa au waya umekatika. Aliyefunga saa aliipanga ianze kwenye sufuri badala ya nne, basi ile nne ikasomwa kama gesi inayopita.

Niliipanga upya, mshale ukalala. King'ora cha saa hiyo nacho kilikuwa kimezungushiwa gunia la unga, kwa kuwa kilipangwa vibaya, kikawa kinalia ovyo. Nikakifungua, nikakipanga kilie chini ya nne tu. Ili kukijaribu, nikachomoa waya, kikalia. Wateja wote wakageuka.

"Basi mwambie Okech arudi," Mzee alisema.

"Si umwambie mwenyewe?"

"Mimi nina duka, fundi." Akanipa mikate miwili nimpelekee. Nikadai minne. Tukapatana mitatu.

Sindo, mji wa ziwani, mchana, nilimkuta Okech kwa shemeji yake, akianika dagaa wa omena kama mtu anayegombana nao. Nikamweleza yote. Akaumega mkate, akaunusa.

"Nani ameoka hii? Hawakungoja iumuke."

"Wamekosa mwokaji. Rudi, Okech."

"Omera, ndugu yangu, unajua aliniita mwizi wapi? Kwa kaunta, watu wakingoja mkate. Mama watoto alikuwa kwa laini. Aseme hapo hapo kwamba alikosea, nirudi."

Homa Bay tena, jioni. Mzee alisikiliza, akapangusa kaunta iliyokuwa safi.

"Nitamwambia. Lakini ofisini, mlango ukiwa umefungwa."

"Mbona ulipomfukuza hukuutafuta mlango?"

Akaenda kuutazama mshale.

Sasa niko Migori, na kila anayetoka upande wa ziwa ananiletea swali la mmoja wao: mwenzangu amesemaje? Nimejifunza kwamba mashine ikikosea huwa haioni haya kusahihishwa mbele ya watu. Nyinyi wa nyumbani mliowahi kupatanisha watu, nishaurini: huyu mzee nimtoe vipi ofisini nimfikishe kwenye kaunta? Ni hatua chache tu. Nimezihesabu mara mbili.